Dhahabu Chini ya Barafu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mzee mmoja, aliyewahi kuwa mbeba sampuli za mawe, mbele ya wasomaji wa maktaba ya kijiji. Tunayachapa kama alivyoyasema.)

 

Nimepewa nusu saa. Nikizidisha, Mwenyekiti agonge meza.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa hapa alinionyesha picha gazetini. Ilikuwa picha ya watu waliovaa makoti mazito, wamesimama juu ya ziwa lililoganda. Katikati yao palikuwa na mashine ya kuchoronga. Kijana akaniuliza, "Babu, hawa wanachimba kisima?" Nikamwambia, "Hapana, mjukuu wangu. Hawa wanatafuta dhahabu." Akacheka sana. Akasema, "Dhahabu kwenye barafu? Si iko Geita?"

Swali lake nimeamua kulijibu mbele yenu nyote. Niseme mapema: huko kwenye barafu mimi sijafika. Mimi nilikuwa mbeba sampuli tu, mtu wa kujaza mawe katika mifuko na kuandika namba juu yake. Haya ya barafu nimeyasoma. Lakini nilipoyasoma niliona mambo mengi ninayoyajua, na moja lilinikumbusha marehemu mama yangu. Hilo nitalisema mwishoni.

NCHI YENYEWE

Kaskazini kabisa ya dunia kuna nchi za baridi kali zinazoitwa Aktiki. Leo nitasema habari za sehemu moja tu, Nunavut, ambayo ni jimbo la Kanada. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba milioni 2. Ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima. Sasa sikilizeni hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu kama 37,000 tu katika nchi yote hiyo. Sisi, sensa yetu ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61.

Watu hao wanakaa katika vijiji na miji midogo 25. Hakuna barabara inayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Unakwenda kwa ndege, au kwa meli wakati wa kiangazi barafu ya bahari inapoyeyuka. Mti hauoti sehemu kubwa ya nchi ile. Ardhi imeganda mwaka mzima, kwenda chini kwa mamia ya mita. Kiangazi kikifika, udongo wa juu tu ndio unaolegea, basi. Majira ya baridi jua linaonekana kidogo, na kaskazini zaidi halichomozi kabisa kwa siku nyingi.

Wakazi wake wengi ni Wainuit. Tangu zamani wameishi kwa kuvua samaki na kuwinda. Mnyama wao mkubwa wa nchi kavu ni kulungu wa kaskazini. Wazungu wa huko humwita "karibu", kama sisi tunavyomkaribisha mgeni! Lakini kwa Mwinuit jambo hilo si la mchezo. Kulungu huyo ni nyama, ni ngozi ya kuvaa, ni mambo ambayo baba anamfundisha mwanawe. Wanyama hao huhama kwa makundi makubwa kila mwaka, kama nyumbu wetu wa Serengeti. Mkumbuke kulungu huyu. Tutarudi kwake.

JIWE JEUSI

Sasa niwape hadithi ya kweli. Mwaka 1576 nahodha wa Uingereza, jina lake Martin Frobisher, alisafiri kwenda kaskazini. Dhahabu hakuwa akiitafuta. Alikuwa akitafuta njia ya bahari ya kufika China. China hakuiona. Alifika kwenye kisiwa kikubwa kiitwacho Baffin, ambacho leo kimo katika Nunavut. Huko watu wake waliokota jiwe jeusi, wakarudi nalo London kama ukumbusho wa safari.

Mfanyabiashara aliyegharimia safari ile, Michael Lok, akalipeleka jiwe kwa wapimaji. Wa kwanza akasema, hamna kitu. Wa pili, hamna kitu. Wa tatu, hamna kitu. Lok hakuridhika. Akalipeleka kwa wa nne, Mtaliano aliyekuwa akikaa London. Huyo akasema, dhahabu imo! Basi, Lok akamwamini wa nne, akawasahau wale watatu.

Naona mnacheka. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajazunguka kwa waganga mpaka akampata anayesema lile analotaka kulisikia?

Mwaka 1577 Frobisher akarudi kule, akaleta kama tani 200 za mawe. Mwaka 1578 akaenda tena, safari hii na merikebu 15. Malkia Elizabeth wa Kwanza mwenyewe alitia fedha zake. Merikebu moja iligonga barafu ikazama. Zilizobaki zikaleta zaidi ya tani 1,000 za mawe. Wakajenga matanuri makubwa katika mji wa Dartford, karibu na London. Wakayeyusha, wakapima, wakayeyusha tena. Dhahabu hawakuipata. Kumbe lilikuwa jiwe jeusi tu. Lok alifilisika, akafungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Mawe yale yakaishia kujengea kuta na kutengenezea barabara.

Kuna jambo lililo baya zaidi ya hasara ya fedha. Katika safari ya kwanza mabaharia 5 wa Frobisher walikwenda ufukoni, hawakurudi. Naye akamkamata Mwinuit mmoja pamoja na mtumbwi wake, akampeleka London. Mwaka 1577 akakamata watu watatu: mwanamume, mwanamke na mtoto mchanga. Watu wote hao wanne walikufa Uingereza baada ya muda mfupi.

Karibu miaka 300 ikapita. Mwaka 1861 Mmarekani mmoja, Charles Francis Hall, alifika kule. Wainuit hawakuwa na kitabu kilichoandika habari zile. Lakini wazee wao walimsimulia habari za wageni waliokuja zamani kwa merikebu, wakamwonyesha na kisiwa walichochimba. Akaenda, akayaona mashimo. Mashimo yapo mpaka leo.

Hadithi hii ina makosa mawili. Kosa la kwanza, watu hawakupima vizuri. Kosa la pili, watu hawakuwauliza wenye nchi. Niacheni niyafuate makosa haya mawili, moja moja, mpaka siku hizi zetu.

KWA NINI DHAHABU IWE HUKO?

Frobisher alikosa, lakini dhahabu huko kweli ipo. Ipo sehemu nyingine, mbali na kisiwa chake. Na hapa ndipo ninapomjibu kijana wangu aliyesema "si iko Geita?"

Waliofika milima ya Geita wameona kule mwamba wenye milia. Mlia mweusi, mlia mwekundu, mlia mweupe, kama kanga. Ni mwamba wenye chuma nyingi. Ulijitandaza chini ya maji tabaka kwa tabaka, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Baadaye ukakunjwa, ukapasuka. Maji ya moto kutoka chini yakapanda katika nyufa yakibeba dhahabu.

Katika maji yale, dhahabu husafiri ikiwa imeshikana na salfa, yaani kibiriti. Sasa salfa inaipenda chuma kuliko inavyoipenda dhahabu. Ikikutana na chuma, inaiacha dhahabu palepale njiani, kama kijana anayemwacha mwenzake wa safari akimwona mchumba. Ndiyo sababu dhahabu hukutwa katika mwamba ule wa chuma.

Kumbe mwamba wa namna ileile uko Nunavut! Mahali panapoitwa Lupin, mahali panapoitwa Meadowbank, na mahali panapoitwa Goose, dhahabu imo katika mwamba wa chuma wenye milia. Baridi na joto ni mambo ya juu ya ardhi. Mwamba haujui kama juu yake kuna theluji au kuna mihogo.

JINSI WANAVYOTAFUTA

Wengi wetu tunadhani dhahabu hupatikana kwa bahati au kwa ndoto. Wapo wanaopata kwa bahati, sikatai. Lakini kule hakuna mtu wa kuzurura na sururu akibahatisha. Atakufa kwa baridi. Kila siku ya kazi ni ghali sana, kwa sababu kila kitu kinakuja kwa ndege: hema, unga, sukari, mapipa ya mafuta, hata misumari. Mgodi wa Lupin, uliofunguliwa mwaka 1982, vifaa vyake vya ujenzi vilipelekwa kwa ndege. Kwa hiyo wanasoma kwanza, ndipo wanachimba.

Kwanza husoma kwa sumaku. Mwamba wa chuma huvuta sumaku. Ndege au helikopta inapita chini chini, imebeba chombo cha kupima nguvu ya sumaku. Inakwenda na kurudi kama mtu anayepalilia matuta. Mwishoni inachorwa ramani, na mwamba wa milia unaonekana juu ya karatasi hata kama umefunikwa na udongo au ziwa.

Pili, husoma nyayo za barafu. Hii, ndugu zangu, ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote. Zamani nchi ile yote ilifunikwa na barafu nene sana, nene kwa kilomita. Barafu nzito kiasi hicho haikai mahali pamoja. Hutambaa polepole, kama uji mzito kwenye meza iliyoinama. Ikitambaa inakwangua miamba, inavunja mawe na kuyabeba mbali. Kisha ikayeyuka, ikayaacha yamesambaa.

Kwa hiyo ukiokota jiwe lenye dhahabu kule, usichimbe hapohapo. Jiwe hilo ni mgeni. Swali ni hili: lilitoka wapi? Fikirini mtu amebeba gunia la mahindi lenye tundu. Punje zinadondoka njiani. Ukitaka kujua ghala liko wapi, unazifuata punje kwa kurudi nyuma. Ndivyo wafanyavyo. Wanaangalia mikwaruzo iliyoachwa na barafu juu ya miamba, ili wajue ilikuwa inaelekea wapi. Halafu wanarudi kinyume. Pengine barafu ilibadili njia mara mbili au tatu, na hapo kazi inakuwa ngumu kweli.

Wanachota na udongo, mfuko kwa mfuko, na kuuchekecha watafute chembe za dhahabu. Wanaziangalia kwa darubini. Chembe yenye kingo kali na umbo lake la asili haijasafiri mbali. Chembe iliyopindwa imesafiri. Iliyoviringika kabisa imetoka mbali sana. Ni kama kumtazama mgeni viatu vyake mlangoni.

Na udongo huo wanauchota wapi, wakati ardhi imeganda? Wanatafuta mahali ambapo baridi yenyewe imeusukuma udongo wa chini ukatokeza juu. Ardhi ikiganda na kulegea mwaka hata mwaka, udongo unachemka kama uji sufuriani, ila polepole sana. Panabaki viduara vya udongo mtupu katikati ya majani. Baridi imewachimbia bure! Mtu mwenye akili hamlaani adui yake kabla hajamtuma kazi.

Tatu, ndipo wanachoronga. Mashine inazungusha bomba lenye meno ya almasi, inakata mwamba na kutoa kipande kirefu cha mviringo, unene wake kama mpini wa jembe. Kazi nyingi hufanyika kuanzia mwezi Machi mpaka Mei. Mwanga umerudi, lakini maziwa bado yameganda, barafu yake unene wa kama mita 2. Mashine inaweza kusimama juu ya ziwa na kuchoronga mwamba ulio chini ya maji. Ile picha ya gazetini ndiyo hiyo.

Shida ni maji. Mashine ya kuchoronga lazima inywe maji, na maji yakiingia katika ardhi iliyoganda nayo yanaganda, bomba linanaswa. Kwa hiyo wanatia chumvi katika maji na kuyapasha moto. Maji ya chumvi hayagandi upesi. Mafuta ya kupashia moto nayo yamekuja kwa ndege. Mnaona hesabu inavyopanda?

Watu wenyewe wanalala katika mahema yenye sakafu ya mbao na jiko la mafuta. Ukungu ukishuka ndege haiji siku tatu, siku nne. Wanalinda kambi kwa sababu ya dubu. Na kiangazi kikifika, mbu! Ndiyo, ndugu zangu, Aktiki kuna mbu, tena mawingu ya mbu. Ila hawana malaria.

KUPIMA

Vipande vya mwamba vinapangwa katika masanduku, vinaandikwa namba na kina. Mtaalamu anavisoma kama kitabu, mstari kwa mstari. Kisha kila kipande kinapasuliwa kwa msumeno, nusu kwa nusu. Nusu moja inapelekwa maabara. Nusu ya pili inabaki sandukuni, iwe shahidi.

Maabara husaga jiwe mpaka liwe unga. Unga unachanganywa na dawa yenye risasi, unatiwa katika tanuri. Risasi ikiyeyuka inakusanya dhahabu yote. Kisha risasi inaondolewa kwa moto ndani ya kikombe kinachoinyonya, na kinabaki kitone kidogo, pengine kidogo kuliko punje ya ulezi. Hicho ndicho kinachopimwa.

Na hapa ndipo kosa la Michael Lok linaporekebishwa. Watafutaji wa leo, katikati ya mifuko yao, wanachomeka mifuko mingine ya siri. Mmoja una jiwe lisilo na dhahabu kabisa. Mwingine una jiwe ambalo kiasi chake cha dhahabu kinajulikana. Maabara haiambiwi ni ipi. Ikisema kuna dhahabu mahali pasipo na kitu, imekamatwa. Kazi hii niliifanya mwenyewe. Nilikuwa nikiandika namba za mifuko hiyo, na bosi wangu alikuwa akisema namba moja ukiikosea umeharibu kazi ya wiki nzima.

Wanapata kiasi gani? Meadowbank ilikuwa na dhahabu kama gramu 3 kwa kila tani ya mwamba. Gramu 3 ni pete ndogo. Tani moja ni mzigo wa magunia kumi ya mahindi. Pete moja kwa magunia kumi ya mawe, na huo ni mgodi mzuri.

Sehemu nyingi wakichoronga hawapati kitu cha kutosha, wanafunga mahema wanaondoka. Hata pale wanapopata, inachukua muda. Utafutaji wa Meadowbank ulianza miaka ya 1980. Dhahabu ya kwanza ilitoka mwaka 2010. Goose nako walianza miaka ya 1980, na dhahabu ya kwanza ilimiminwa mwezi Juni 2025. Mtoto aliyezaliwa wanaanza kutafuta alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

WENYE NCHI

Sasa kosa la pili, lile la kutowauliza wenye nchi. Hili lilichelewa sana kurekebishwa.

Karibu na Meadowbank kuna kijiji kiitwacho Baker Lake. Miaka ya 1970 watafutaji wa madini ya urani walikuja huko na ndege zao. Wawindaji wakalalamika kwamba kelele zinawafukuza kulungu. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1979 jaji akatoa hukumu. Alikubali kwamba Wainuit wana haki yao ya asili ya kuwinda na kuvua katika nchi ile. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini alisema sheria za madini nazo zipo, tena haijathibitika kwamba watafutaji ndio waliopunguza kulungu. Kwa hiyo hakuwazuia. Wainuit wakarudi nyumbani wameshinda nusu.

Hawakukaa kimya. Walijadiliana na serikali ya Kanada miaka mingi. Tarehe 25 Mei 1993 mkataba ukatiwa saini. Wainuit walipata hati ya kumiliki ardhi kama kilomita za mraba 350,000. Katika kama sehemu moja ya kumi ya ardhi hiyo, walipata na madini yaliyo chini yake. Tarehe 1 Aprili 1999 Nunavut ikawa jimbo lenye serikali yake.

Mkataba unasema nini juu ya migodi? Unasema kampuni haiwezi kuanza mgodi mkubwa katika ardhi ya Wainuit kabla haijapatana nao kwa maandishi: kazi ngapi, mafunzo gani, biashara gani zitapewa wenyeji, malipo kiasi gani. Tena ipo bodi ya kuchunguza madhara. Bodi hiyo inakaa vijijini, inasikiliza wazee na wawindaji, ndipo inatoa shauri.

Niwape mfano mmoja. Kulungu wa kundi la Bathurst, katikati ya miaka ya 1980, walikadiriwa kuwa 470,000. Mwaka 2021 walikadiriwa kuwa kama 6,000 tu. Wataalamu hawasemi ni migodi peke yake. Hali ya hewa imo, mbwa mwitu wamo, uwindaji umo. Lakini fikirini ng'ombe wote wa wilaya wanapungua namna hiyo, halafu mgeni anakuja kuomba kujenga mgodi malishoni.

Basi kampuni iliyotaka kuchimba Goose ilipeleka maombi. Mwaka 2016 bodi ikasema: msiruhusu, hasa kwa ajili ya kulungu. Serikali ikairudishia bodi shauri lile lichunguzwe tena. Kampuni ikaja na mipango mikali zaidi ya kuwalinda wanyama. Mwaka 2017 bodi ikasema: sasa ruhusuni, kwa masharti. Mgodi ukajengwa. Meadowbank nako, kulungu wakihama, magari husimamishwa barabarani mpaka wapite. Lori limebeba dhahabu, linamngoja mnyama!

Sisemi shida zimekwisha. Vijana wa Baker Lake hukaa mgodini wiki mbili, halafu nyumbani wiki mbili. Mshahara wanaupenda, lakini wiki mbili mbali na watoto ni nyingi. Na mwindaji mzee anaweza kuniuliza: mgodi utafungwa baada ya miaka kumi au kumi na tano, je, kulungu watarudi? Mimi sina jibu la kumpa. Nasema hivi tu: mwaka 1577 Mwinuit alikamatwa akapakiwa merikebuni pamoja na mawe. Mwaka 2016 Mwinuit alikaa mezani, na lori za mgodi zikangoja neno lake.

KARATASI YA MAMA YANGU

Nilisema nitamtaja mama. Miaka mingi iliyopita, kabla sijapata kazi ya sampuli, watafutaji walikuja kijijini kwetu. Sitawataja jina. Walikuwa watu wapole, walitusalimia vizuri. Njia ya mashine yao ilipita katika shamba la mihogo la mama yangu. Walimpa karatasi na fedha kidogo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mama hakujua kusoma hata Kiswahili. Aliweka dole gumba, akashukuru.

Aliitunza karatasi ile katika sanduku lake la nguo, kwa heshima, kama cheti. Miaka ikapita. Mimi nikaenda kisomo cha watu wazima, baadaye nikajifunza Kiingereza kidogo kazini. Siku moja nikaifungua karatasi. Ilisema amelipwa mihogo yake yote, na hatadai kitu tena, yeye wala warithi wake. Fedha aliyopewa isingenunua hata magunia mawili. Wakati huo mama alikuwa hai bado. Aliniuliza, "Inasemaje, mwanangu?" Nikamwambia, "Inasema wamekushukuru."

Nilimdanganya mama yangu. Nilifanya hivyo kwa kumhurumia, lakini sijausahau uongo ule. Laiti mmoja tu katika familia yetu angalijua kusoma siku ile mashine ilipokuja! Asingeweza kuizuia dhahabu isitafutwe, wala sisemi ingefaa kuizuia. Angeuliza tu: mstari huu maana yake nini?

Ndugu zangu, dhahabu ya Aktiki haitafika hapa kwetu. Lakini watafutaji wanafika, kwa sababu mwamba ni uleule. Mtu akija na jiwe akasema ni dhahabu, uliza: limepimwa wapi, na mara ngapi? Akija na karatasi, usiweke saini siku hiyohiyo. Ilete hapa maktaba, tuisome pamoja, hata kama ni usiku tutawasha taa. Wala usione haya kumwambia mgeni angoje. Huko Nunavut lori la dhahabu linamngoja kulungu.

Mwenyekiti ameshika meza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Michael Lok alimwamini mpimaji wa nne, akawaacha watatu wa kwanza? Je, mambo ya namna hii hutokea hapa kwetu?

2. Ukiokota jiwe lenye dhahabu katika nchi iliyowahi kufunikwa na barafu, kwa nini usichimbe hapohapo?

3. Je, mzee alifanya vizuri kumficha mama yake maneno ya ile karatasi? Wewe ungefanyaje?